Shada Lisilo na Utepe

"Wako anaitwa nani, Seleyian?" Dolphine aliuliza, makasi mkononi, utepe mweupe umemlalia magotini.

Seleyian aliinama juu ya ndoo ya waridi akajifanya hajasikia. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mabati, nyuma ya kanisa pale Kitengela, na ukidondosha sindano humo hata mchungaji kule ofisini anajua.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Wanawake waliojitolea kutengeneza mashada ya kuwakumbuka wanajeshi watano waliofia Somalia walikuwa wamefika wote, pamoja na wale wanaojitolea mahali popote penye chai na mandazi. Kesho yake kungekuwa na sherehe Kajiado mjini. Chama cha wanajeshi wastaafu kilikuwa kimetoa hema, viti na spika moja yenye kifua kibovu. Maua yalitoka kwenye kampuni anayofanyia kazi Seleyian, yale ambayo Ulaya wameyakataa kwa kuwa shingo zimepinda. Huku kwetu ua likipinda shingo bado ni ua. Unalidunga kwa sindano ya gunia, unalivuta kwenye uzi, unafuatisha lingine, na mwisho wa siku nani anaangalia shingo?

"Si nakuongelesha?" Dolphine akasema. "Ojwang' wangu nimemwandika. Hao wengine watatu nimewaandika. Amebaki wako peke yake."

"Andika mtoto wa Mzee Parsaoti."

"Mzee ako na watoto wangapi?"

"Wavulana wanne."

"Na wote walikufa?"

"Dolphine! Mungu apishe mbali."

"Basi niambie ni gani. Ama niandike 'mmoja wao'?"

Wanawake wakacheka, Seleyian naye akacheka kidogo, maana ukichekwa kwa kikundi na hucheki, utaitwa mwenye maringo. Lakini jina hakulitoa. Dolphine Adero ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, mwalimu wa shule ya msingi, na kaka yake Ojwang' alikuwa mmoja wa wale watano. Kwao Siaya marehemu huitwa kwa sauti. Walipomzika Ojwang' walichapisha uso wake kwenye fulana, na mpaka leo kuna mtu kule analimia hiyo fulana. Dolphine hangeelewa nyumba ambayo mtu akifa kijana, jina lake linakunjwa na kuwekwa, na anayelikunjua anaonekana amekosa adabu kuliko mwizi.

Nyumba ya Mzee Parsaoti, baba mkwe wa Seleyian, ilikuwa hivyo. Siku hizi Wamaasai wengi wameliacha jambo hilo, wanatoa matangazo ya vifo redioni kama watu wengine. Mzee alikuwa hajaliacha. Alibatizwa, alitoa sadaka, aliimba wimbo wa Krismasi kwa sauti ya fahali, lakini jina la mwanawe hakulitaja tangu ndege ya jeshi ilipomleta, na hakuna mtu wa boma lake aliyethubutu kulitaja.

Shida ilikuwa Sandra, binti ya Seleyian na huyo marehemu. Sandra alikuwa na miaka minane, naye hakujua babake aliitwa nani. Shuleni mwalimu aliwaambia waandike jina la baba, Sandra akaja nyumbani kuuliza, na babu akamjibu, "Andika Parsaoti." Akaandika. Siku ya wazazi, Mzee akatokea na fimbo yake na masikio yake marefu, na watoto wakamcheka Sandra mwezi mzima kwamba babake ni mzee kuliko mti wa shule. Usiulize mtoto alilia namna gani. Mama yake alimpangusa machozi, jina liko mdomoni, akalimeza.

Ndiyo maana Seleyian alikuwa amejitolea. Alikuwa amesikia kwamba majina yatasomwa kwa spika. Basi yeye hatalisema, Mzee hatalisema, litasemwa na mtu baki mwenye kofia ya jeshi, na Sandra atakuwa amekaa pale na masikio yake. Kwa maoni yake, hapo hakuna aliyekosa.

"Wacha nipigie Nzau," Dolphine akasema. Nzau ndiye angeendesha sherehe, koplo mstaafu, na alikuwa amehudumu na hao vijana. Dolphine akasikiliza simu, akaandika kwenye utepe kwa wino wa dhahabu, akauinua ukauke. "Ni hivi?"

Seleyian akatazama. Herufi zilikuwa kubwa, zinametameta. Akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtoka palepale juu ya waridi.

"Si ungesema tu kwamba inakuuma," Dolphine akamwambia, akampa kikombe cha chai.


"Takwenya!" Mzee Parsaoti alimsalimia alipomwona anaingia bomani jioni.

"Iko, Papa," Seleyian akaitika.

Sandra akamkimbilia babu, akainamisha kichwa kiguswe. Mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda anatazama ng'ombe zake kumi na kitu, ambazo zamani zilitembea kutoka hapo mpaka machweo bila kukutana na ukuta. Sasa kila upande kuna ploti na nyumba ya mawe na mbwa mwenye cheti. Mzee mwenyewe aliuza baadhi ya hizo ploti, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu, na hilo lilimkera zaidi.

"Kesho ni maombi na maua," akasema. "Si ndivyo uliniambia?"

"Ndiyo, Papa."

"Mwenye duka ameniambia kitu kingine. Ati wataita majina."

Seleyian hakuwa mwongo. Ni kipaji kizuri, ila siku kama hizo kinaumiza. "Wataita," akasema.

Mzee akamtazama ng'ombe mmoja mpaka akamaliza kujikuna kwenye nguzo.

"Mtu akiitwa, anaitika," akasema. "Wewe ukiita mtu ambaye hawezi kuitika, unamfanyia nini? Amelala. Anasikia anaitwa. Anatafuta miguu, hana. Mimi nilizaa huyo kijana, nikamwona amerudi kwa sanduku lililopigwa misumari, nikaambiwa nisifungue. Sikufungua. Nilitii serikali. Sasa hao hao wanataka kumsumbua na spika?"

"Papa, ni kwa heshima."

"Heshima ni kunyamaza." Akageuza fimbo. "Nitaenda. Nilisema nitaenda. Lakini siku mtu wa boma hili atakapolisema jina hilo mbele ya watu, au kulisemesha, huyo mtu atafute boma lingine. Na mtoto ni wa hapa."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekwambia lango linafungwa saa ngapi. Seleyian akatazama kichwa cha Sandra, kilichokuwa bado chini ya mkono wa babu. Mtoto ni wa hapa. Maneno hayo hayakuhitaji kurudiwa.


Asubuhi, pickup ya kanisa ilikuwa inapakiwa mashada Seleyian alipomvuta Dolphine pembeni.

"Toa utepe wangu."

"Nitoe? Na vile wino umekauka vizuri?"

"Toa, Dolphine. Na umwambie Nzau asisome."

"Kwa nini?"

Seleyian akaeleza. Dolphine akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, halafu akasema, "Haki huyo mzee! Kwani yeye anafikiria kaka yangu nilimtesa? Mimi nimemwita Ojwang' kila siku, hata kwa bafu."

"Sijasema hivyo."

"Sasa huyu mtoto atajua lini? Akiolewa?"

"Dolphine, nitanyang'anywa mtoto."

Basi Dolphine akachukua makasi. Alikata utepe polepole kama anayekata nywele za mgonjwa, akaukunja, akautia kwenye mkoba wake. Kisha akalitafutia shada lile waridi nyekundu zilizobaki akalijaza, ili hata kama halina utepe, angalau liwe nene kuliko mengine yote. Alifanya kwa roho safi. Matatizo mengi ya Kajiado huanzishwa na watu wenye roho safi.


Uwanja ulikuwa umepambwa. Mbele ya jukwaa Nzau alikuwa amepanga viti vitano vitupu, vya plastiki vyeupe, kila kimoja na shada likining'inia mgongoni. Vinne vilikuwa na tepe zenye majina. Cha tano kilikuwa kitupu kabisa, kiti na maua basi.

Sasa, kiti kitupu kwenye sherehe ya Kenya hakina amani. Watu walikuwa wengi kuliko viti, jua lilikuwa kali, na kila baada ya muda mfupi kulikuwa na mama anayekisogelea kimoja huku anaangalia pembeni.

"Hapana, mama," Dolphine alikuwa akisema. "Hapo kuna mtu."

"Ako wapi?"

"Amekufa."

"Woi! Pole," mama angesema, akaenda kusimama.

Mzee Parsaoti aliketi upande wa wazee, shuka begani, mikono juu ya fimbo. Seleyian na Sandra walikuwa upande wa wanawake. Sandra alikuwa ameambiwa kwamba kile kiti cha mwisho ni cha baba.

"Mbona hicho hakijaandikwa?" akauliza.

"Utepe ulikatwa."

"Si tuandike mwingine?"

"Kaa chini, Sandra."

Hapo mheshimiwa, mwanasiasa wa huko, akafika. Hakuwa kwenye ratiba. Mheshimiwa huyo haalikwi na mtu. Akisikia mlio wa spika barabarani, dereva wake anakata kona mwenyewe. Magari yakaingia kwa vumbi, yakasimama karibu kupanda juu ya hema, na Nzau, aliyekuwa amefungua kinywa aanze kusoma majina, akakifunga.

Kijana mmoja mwenye suti iliyombana na simu mbili akashuka mbio. Huyo alikuwa Nick, msaidizi wa mheshimiwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha bosi hasimami hata dakika moja bila kiti na bila kitu shingoni, maana mahali pengine bosi aliwahi kukaribishwa bila shada na Nick nusura afukuzwe kazi arudi kwao. Akaangaza macho. Viti vya jukwaani vimejaa mapadri. Akaona vile vitano. Akasoma tepe za vinne, na kwa kweli alivipita kwa adabu, hata akainamisha kichwa. Cha tano akakichunguza mbele na nyuma. Hakina jina. Na shada lake ndilo nene kuliko yote.

Dolphine wakati huo alikuwa anapigania maji ya wageni. Alipogeuka, kiti kilikuwa kimeshapanda jukwaani, na mheshimiwa alikuwa amekikalia, amepanua miguu, waridi nyekundu zimemzunguka shingo mpaka kwenye ndevu. Watu wengine walipiga makofi. Walifikiri ndivyo ilivyopangwa.

"Mama," Sandra akasema. "Huyo amekalia baba."


Mzee Parsaoti alikuwa ameshasimama.

Alitembea hatua zake zile zile za kufuata ng'ombe, akapita mbele ya watu wote, akapanda jukwaani bila kuombwa. Mheshimiwa alipomwona akafurahi, akachukua kipaza sauti.

"Mnaona? Wazee wenyewe wanakuja kunibariki! Karibu, mzee wangu."

"Toka," Mzee akasema.

"Anasema nini?" mheshimiwa akamuuliza Nzau.

"Anakusalimia, mheshimiwa," Nzau akasema, jasho likimtoka.

"Toka kwa hicho kiti. Na uvue hiyo."

Sasa kipaza sauti kilikuwa kimesikia, na uwanja mzima ukasikia. Nick akajiingiza katikati kwa upole wa kazi.

"Mzee, pole, lakini sisi tumeangalia. Zile zingine ziko na majina. Hii haina. Hii ilikuwa ya spea."

Ya spea. Seleyian alisikia neno hilo likipigwa na spika mpaka barabarani, na hata wale wauza machungwa kule nje wakageuka. Mumewe alikuwa spea. Kama gurudumu.

"Kina mwenyewe," Mzee akasema.

"Basi ni nani, mzee wangu?" mheshimiwa akauliza, bado anatabasamu kwa ajili ya simu zilizoinuliwa. "Mtaje tu, aje nimwachie. Mimi ni mtumishi."

Mzee akafungua mdomo. Wote waliona. Mdomo ulibaki wazi, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Alikuwa mtu aliyenyamaza miaka mingi kwa ajili ya mwanawe, na sasa kunyamaza huko ndiko kulikomkalisha mtu mwingine mahali pake. Kuna waliocheka kidogo huko nyuma, wakidhani mzee amechanganyikiwa na jua.

Kicheko hicho ndicho kilichomwinua Seleyian. Hakufikiria boma. Kwa kweli alilifikiria, na bado akainuka. Alimwachia Dolphine mkono wa Sandra, akaenda mpaka chini ya jukwaa, akasimama pale na gauni lake la kitenge lenye madoa ya utomvu wa maua.

"Ni cha Lesiamon Parsaoti," akasema.

Hakuwa na kipaza sauti. Hakukihitaji.

"Lesiamon. Mume wangu. Alikufa akiwa mdogo kuliko huyo kijana wa simu. Si spea. Ni Lesiamon."

Nzau akapiga saluti. Hakuna aliyemwamuru, mkono wake ulipanda wenyewe, na wastaafu wengine kwenye hema wakainuka mmoja mmoja na magoti yao mabovu. Mheshimiwa naye akainuka, maana ukiona wanajeshi wamesimama na wewe umekaa, hata kama huna akili utaipata. Alijaribu kulivua shada likanaswa kwenye miwani. Mzee hakungoja. Alilinyanyua mwenyewe, miwani ikaanguka, akalirudisha mgongoni mwa kiti, akakibeba kiti kwa mkono mmoja mpaka kwenye mstari na kukiweka. Kisha akarudi alipokuwa amekaa, bila kumtazama Seleyian hata kidogo.

Hotuba ya mheshimiwa ilikuwa fupi. Aliitoa amesimama.

Nzau alipofika mwisho wa majina alisita, akamtazama Mzee. Mzee alikuwa anatazama chini. Nzau hakusoma la tano. Halikuwa na haja ya kusomwa.

"Ndiye baba?" Sandra akanong'ona mama yake aliporudi.

"Ndiye."

Sandra akaanza kulijaribu bila sauti, midomo tu ikicheza.


Pickup iliwashusha barabarani jioni, na kutoka hapo mpaka bomani walitembea kwa miguu, wakipita kati ya kuta za ploti za watu. Mzee alikuwa mbele. Dolphine alikuwa amemkumbatia Seleyian kwa nguvu, akamnong'oneza, "Ukifukuzwa njoo kwangu, nitatoa makochi upate pa kulala," na ingawa ilikuwa ni upendo, ilimmaliza nguvu kabisa.

Alikuwa ameshaanza kupanga moyoni. Sanduku la nguo. Sufuria zake mbili. Angelala kwa Dolphine, angekwenda kazini moja kwa moja kutoka huko, na Jumapili pengine angeruhusiwa kumwona mtoto. Pengine. Alitamani kulia lakini njia ilikuwa na mawe, na mtu anayelia haoni mawe. Hakujuta. Hilo lilimshangaza. Aliogopa, lakini kujuta hapana.

Sandra akaponyoka mkononi mwake, akakimbia mbele, akaishika ncha ya fimbo ya babu kama anavyofanya kila siku.

"Babu, Lesiamon alikuwa anachunga ng'ombe zetu?"

Seleyian akasimama. Akafumba macho.

Mzee naye akasimama. Mbwa mwenye cheti alibweka nyuma ya ukuta, akanyamaza. Mtoto akangoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hapa ndipo watu huogopa.

"Vibaya sana," Mzee akasema mwishowe.

"Vibaya vipi?"

"Lesiamon alikuwa mvivu," Mzee akasema, na sauti yake ikatoka na kutu, kama lango ambalo halijafunguliwa siku nyingi. "Analala chini ya mti. Ng'ombe zinaingia kwa watu, yeye amelala. Nilimchapa mpaka mimi ndiye nikachoka. Kesho yake akaenda akalala tena. Halafu anaamka anacheka. Sijawahi kuona mtu anacheka vile."

"Lesiamon!" Sandra akasema, akicheka.

"Lesiamon," Mzee akasema. Akajipangusa uso na ncha ya shuka, uso mzima, akaendelea kutembea. Baada ya hatua chache akapaza sauti bila kugeuka.

"Mama Sandra! Mbona unatembea kama mgeni? Ng'ombe hazijakamuliwa."